Trauti wameshuka chini, na mshipi wangu unaelea

SWALI

Mpendwa Mshauri,

Nakuandikia kutoka Kiambu. Kwa miaka kumi na mmoja nimefanya kazi katika karakana ya kufunga nzi bandia, yaani chambo cha kuvulia samaki, wanaouzwa ng'ambo. Kutwa nzima hukaa mezani, ndoano ikiwa imebanwa kwenye jiriwa, nikizungusha uzi, manyoya na vipande vya povu, na bado kuna nzi ninaowafunga kwa mamia bila kuelewa wanafanya kazi gani majini. Mmojawapo ni yule mwenye macho mawili makubwa ya povu, ambaye wateja wa Uingereza huagiza kila mwaka.

Miaka mitatu iliyopita nilianza kuvua mwenyewe. Nilinunua fimbo ya mkono wa pili ya futi 9, namba 6 (namba hiyo huonyesha uzito wa mshipi unaoifaa), pamoja na rili ya bei ya chini ya kukunjia mshipi, na mshipi mmoja wa kuelea. Mitoni sina malalamiko. Shida yangu iko ziwani. Mara mbili kwa mwaka mimi na shemeji yangu hupanda hadi kwenye mojawapo ya yale maziwa madogo ya Mlima Kenya. Alfajiri trauti huja juu na kuchukua nzi wetu, lakini ikishafika saa tatu asubuhi na jua likawa kali, maji hunyamaza, na hatuoni dalili ya samaki hadi jioni. Safari iliyopita shemeji alifunga jiwe kwenye kamba na kulitupa kutoka juu ya mwamba. Umbali wa hatua kama ishirini kutoka ukingoni kina kilikuwa mita 4, na kati ya hapo na ukingo kuna ukanda wa mawe ambapo maji hayapiti magotini.

Ushauri nilioupata unapingana. Mwuzaji mmoja ameniambia kwamba siwezi kuvua chini bila seti kamili, yaani fimbo nyingine ya namba 8, rili yake na mshipi unaozama kwa kasi kuliko yote. Shemeji anasema nibane vipande vya risasi kwenye nailoni, ule uzi mwembamba kati ya mshipi na nzi, na kuendelea na mshipi nilio nao. Nilijaribu, nikapata matokeo mabaya na karibu nivunje ncha ya fimbo. Mwenzangu kazini anasema nitafute ule mshipi wenye kiini cha risasi, niukate na kujiundia mwenyewe. Nimeweka akiba ya shilingi 9,000 na sitaki kuongeza hata mia moja, kwa sababu Januari ni ya karo. Naomba unieleze ninunue nini.

Mfunga Nzi, Kiambu

JIBU

Dada yangu,

Fimbo yako inatosha, na rili yako inatosha. Usiguse akiba hiyo kwa ajili ya seti nyingine. Nunua mshipi mmoja wa kuzama wa namba 6, wa kasi ya tatu, na spuli ya pili ya rili uliyo nayo, yaani kile kigurudumu cha ndani kinachobeba mshipi, kisha kitakachobaki kiende kwenye nailoni. Nitakueleza kwa nini nimechagua kasi ya tatu na si nyingine, kwa maana hapo ndipo watu wengi hupoteza fedha zao, na wewe tayari umeshafanya kazi muhimu kuliko zote, ambayo ni kupima kina kabla ya kwenda dukani.

Nianze na risasi za shemeji, kwa kuwa mawazo yake si ya kipumbavu na mitoni yanafanya kazi. Ziwani kasoro iko hivi: mshipi unakaa juu ya maji, nailoni inaning'inia kutoka kwenye ncha yake, na risasi inamvuta nzi chini. Unaposubiri anashuka vizuri. Lakini kila unapovuta mshipi, nguvu ya mkono wako inapita juu ya maji, kwa hiyo nzi naye anavutwa kwenda juu, kisha unapopumzika anadondoka tena. Anapanda na kushuka kama ndoo ya kisimani, na trauti aliyetulia kwenye mita 3 humwona kwa muda mfupi tu. Mshipi wa kuzama ukishafika chini humvuta nzi sambamba na sakafu ya ziwa, naye hubaki usawa wa samaki kwa mita nyingi. Hicho ndicho unachokinunua. Ama ncha ya fimbo, umenusurika. Fimbo hizi za nyuzi za kaboni hazina simile na kipande cha risasi kinachozigonga zikiwa zimepinda hewani. Ufa usioonekana leo huvunja fimbo mwezi ujao ukiwa umeshika samaki.

Sasa kasi. Watengenezaji hupanga mishipi ya kuzama kwa namba ambazo kwa makadirio ni inchi inazoshuka kwa sekunde moja. Kuna ule wa polepole kabisa, unaoshuka kama sentimita 4 kwa sekunde. Wa kasi ya tatu hushuka sentimita 8 hivi, na wa kasi ya sita sentimita 15 au zaidi kidogo. Chukua kalamu upige hesabu kwa ziwa lako. Kwenda chini mita 3, mshipi wa polepole unahitaji zaidi ya dakika moja, na katika dakika hiyo upepo wa mlimani utakuwa umeshaukunja upande. Wa kasi ya sita utafika kwa sekunde ishirini, jambo zuri kwa mtu aliye katika mashua juu ya maji ya mita 8. Wewe, hata hivyo, unasimama ukingoni, na mbele yako kuna ukanda wa mawe wenye maji ya magotini. Kila utakapovuta, mshipi huo wa haraka utalala juu ya mawe yale, nawe utapoteza nzi mmoja katika kila mirusho michache na kuuchubua mshipi wenyewe. Wa kasi ya tatu hufika mita 3 kwa chini ya sekunde arobaini, na unapokaribia mawe unaweza kuinua fimbo na kuharakisha mkono, nao ukainuka. Kama kipimo cha shemeji kingekuwa mita 2, ningekwambia ununue ule wa polepole bila kusita.

Rafiki yako wa kazini anazungumzia mshipi unaotumika kuvutwa nyuma ya mashua, wenye waya wa risasi ndani ya uzi uliosukwa. Ule unaojulikana kama LC-13 una greini 13 (greini ni kipimo kidogo cha uzito) kwa kila futi, kwa hiyo mita 3.75 zake zina uzito unaoitosha fimbo ya namba 6. Wavuvi wengi wasio na fedha wamejiundia mishipi hivyo tangu zamani na wamepata samaki, nami nawaheshimu. Ila mshipi huo hushuka kama chubwi, hurushwa kwa kishindo, hujikunja ovyo, na kwako utakwama mahali pale pale ambapo ule wa kasi ya sita ungekwama. Ni dawa nzuri ya ugonjwa usiokuwa wako.

Kuna njia nyingine ya bei ya chini ambayo hakuna aliyekutajia, nayo ni lida ya kuzama: kipande cha mita 1.5 hadi 3.6 kilichovikwa plastiki nzito, unachokiunganisha mbele ya mshipi wako wa kuelea. Kwa kawaida bei yake haifiki nusu ya bei ya mshipi. Itakufaa sana kwenye vidimbwi vya mito unayovua, na kama mambo yangekubana kabisa ningekuruhusu uanze nayo hata ziwani. Lakini mshipi nyuma yake bado unaelea, kwa hiyo ile kasoro ya ndoo ya kisimani hupungua bila kuisha. Kwa kuwa una shilingi 9,000, nenda kwenye mshipi kamili.

Kuhusu maandishi kwenye kasha. Tafuta herufi WF, kisha namba 6, kisha S, yaani wa kuzama, au namba ya kasi. WF maana yake ni kwamba uzito uko mbele, na sehemu ya nyuma ni nyembamba ili iteleze nje kwa urahisi. Usikubali kuuziwa namba 8 eti kwa sababu unataka kuzama. Mita 9 za mwanzo za mshipi wa namba 6 zina uzito wa gramu 10 na kidogo, uwe wa kuelea au wa kuzama. Plastiki ya ule wa kuelea imejazwa viputo vidogo vya kioo, na ya ule wa kuzama imechanganywa na unga wa tangsteni, kwa hiyo wa kuzama huwa mwembamba zaidi kwa uzito ule ule. Fimbo yako haitatambua tofauti ya uzito, ila wewe utatambua kwamba mshipi mwembamba unapenya upepo vizuri zaidi. Ewart Grogan alipowapandikiza trauti katika mto Gura mwaka 1905, mishipi ya nzi ilikuwa ya hariri, na mvuvi aliyetaka kuelea aliupaka mafuta, aliyetaka kuzama aliuacha bila mafuta. Siku zile mshipi mmoja ulifanya kazi zote mbili. Sisi tunalipia mara mbili.

Kuna neno moja kwenye kasha ambalo nakusihi ulikimbie. Katika maduka yetu, hasa yanayowahudumia wavuvi wa Watamu na Malindi, utakuta mishipi iliyoandikwa kwamba ni ya tropiki. Mwuzaji atakwambia kwa nia njema kwamba Kenya iko kwenye ikweta, basi huo ndio wako. Mshipi huo umetengenezwa uwe mgumu ili usilegee kwenye joto la baharini. Ukiupeleka kwenye ziwa lililo juu ya mita 3,000, iwe Ellis, Alice au Rutundu, ambako maji yanakufisha ganzi vidole, utatoka kwenye rili ukiwa umejiviringa kama springi ya kitanda na hautanyooka hata uuvute vipi. Unachotaka ni mshipi wa maji baridi, ulio laini mkononi.

Mishipi ya chapa kubwa huuzwa dola 80 na kuendelea, na baadhi hupita 100. Sioni sababu ya wewe kufika huko. Katika mshipi wa kuelea tofauti ya ubora huonekana haraka, kwa sababu ule duni hunyonya maji na ncha yake kuzama. Katika mshipi wa kuzama kazi yenyewe ni kuzama. Mshipi wa jina dogo wa dola 30 hivi, yaani takriban shilingi 4,000 kabla ya usafiri na ushuru, utakuhudumia kwa miaka. Kitu pekee ambacho ningekilipia nyongeza ndogo ni ule ambao ncha yake imeongezewa uzito ili ishuke sawia na tumbo lake, yaani sehemu yake nene. Katika mishipi ya kawaida tumbo hutangulia chini, mshipi unapinda kama upinde, na samaki akigusa unapata habari amekwisha kutema.

Usidharau mkono wa pili pia. Mshipi wa kuelea uliopasuka ngozi ni hasara, lakini mpasuko mdogo kwenye mshipi wa kuzama hauubadilishi kuwa wa kuelea. Wageni hubadilisha vifaa mara kwa mara na huacha mishipi mizuri nyuma yao. Upitishe wote katikati ya vidole. Ukikuta mahali uzi wa ndani umejitokeza, uache. Kama hauna kasha wala maandishi, pima mita 9 za mbele kwenye mizani ndogo ya kielektroniki: ukipata gramu 10 na nusu hivi, ni namba 6, gramu 12 ni namba 7. Kasi yake utaijulia kwenye pipa. Jaza maji pipa la kawaida la lita 200, weka tone la sabuni ili uso wa maji usiushike mshipi, kisha achilia ncha yake kama mita moja, ikiwa imelala wazi bila kuviringwa, huku sehemu nyingine ukiishikilia ilegee. Hesabu sekunde mpaka iguse chini. Kumi au kumi na mbili ni kasi ya tatu. Tano au sita ni ile ya haraka, na ukifika ishirini na bado unatazama, huo ni wa polepole.

Spuli huuzwa peke yake kwa rili nyingi. Kama ya kwako haipatikani, nunua rili nyingine ya bei ya chini kabisa isiyoyumba, kwa sababu kwa trauti wa kilo moja kazi yake ni kuhifadhi mshipi. Kumbuka kwamba mshipi huu ni mwembamba, kwa hiyo utahitaji uzi wa akiba mwingi zaidi chini yake ili spuli ijae. Spuli isiyojaa huukunja mshipi katika miviringo midogo.

Usinunue vile vitanzi vya kusukwa vya kuunganishia mshipi na nailoni. Mikono yako inajua kazi hii kuliko ya yeyote anayeviuza. Kunja ncha ya mshipi sentimita 2 na nusu irudi juu ya nafsi yake, uache kitanzi kidogo kinachoingiza ncha ya penseli. Ushike kwa nguvu, uuzungushie uzi wako wa kufungia kutoka kwa bobini, mizunguko ikikaribiana kama unavyofunika shingo ya ndoano, huku uzi ukizama kidogo kwenye plastiki. Rudi tena juu ya mizunguko hiyo, malizia kwa fundo lako la kila siku, kisha upake gundi inayopinda. Kitanzi hicho kitavumilia kuliko cha dukani.

Sasa nifike kwa yule nzi wa macho ya povu, kwa sababu swali lako kumhusu ndilo lililonifanya nichukue barua hii kwanza. Kwenye mshipi wa kuelea mtu huweka nailoni ya mita 2.7 au zaidi. Kwenye mshipi wa kuzama nailoni ndefu ni adui, kwani mshipi unashuka huku nzi akibaki juu. Kwa nzi wa kawaida tumia mita 1 hadi 1.5. Nzi wako anaelea kwa makusudi. Mfunge kwenye nailoni ya sentimita 60 hadi 90, acha mshipi ulale chini, naye atasimama juu kidogo ya majani na mawe bila kukwama, akitikisa mkia wa manyoya. Ukivuta kidogo anapiga mbizi kuelekea chini, ukiacha anapanda polepole, na mara nyingi ni wakati huo wa kupanda ambapo trauti humchukua. Mamia ya nzi uliowafunga walikuwa wakisubiri mshipi wa namna hii. Ila usimwache akae kimya kwa muda mrefu: trauti humeza nzi aliyetulia mpaka kooni, na samaki wa hivyo huwezi kumrudisha majini akiwa mzima. Mvute mara kwa mara, hata kama ni kwa urefu wa kidole.

Urushaji utakusumbua siku ya kwanza. Mshipi uliozama huwezi kuung'oa majini kwa mkupuo mmoja kama ule wa kuelea. Ukilazimisha utaipinda fimbo kupita kiasi. Vuta mpaka zibaki mita chache tu nje, uviringishe mshipi mbele ili ujitandaze juu ya maji, na kabla haujaanza kuzama tena urushe nyuma mara moja, kisha mbele, uachie. Weka alama ya kalamu isiyofutika mahali unapotaka kukoma kuvuta, ili vidole vyako visikisie. Na kwa kuwa mshipi uliovutwa nao utazama miguuni mwako na kuingia katikati ya mawe, funga beseni la plastiki kiunoni kwa mkanda na uulaze humo. Usishike mshipi ukiwa umetoka kupaka dawa ya mbu, kwani dawa nyingi za aina hiyo huyeyusha plastiki yake.

Mtakapofika ziwani, vueni kama kawaida kwa mshipi wa kuelea hadi saa tatu. Maji yakinyamaza, badilisha spuli, rusha kuvuka ukanda wa mawe, na uanze kuhesabu sekunde mshipi unapogusa maji. Hesabu hadi ishirini kisha uvute. Mrusho unaofuata hesabu hadi ishirini na tano, halafu thelathini, ukiongeza tano tano. Ukirudi na majani kwenye ndoano, umegusa sakafu, punguza tano. Mara samaki wa kwanza atakaposhika, mwambie shemeji namba uliyofikia, na nyote wawili mvue katika hesabu hiyo mpaka jua lihame.